Kidari Tulichokitafuta Maskati

Ibra, Jumapili asubuhi

Kwa Mama yangu kipenzi,

Shikamoo Mama. Nakushika miguu kwa mbali, na Baba nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema tumemchanganya na wengine. Goti lako vipi? Zile dawa nilizokuletea unazimeza, au umezipanga kabatini ziwe pambo? Nakujua. Sisi hapa wazima, tunamshukuru Mungu. Nassor anaota meno ya juu na haniachi nikalala, basi siku hizi nasinzia nimesimama, mwiko mkononi. Seif bado yuko na lile gari la maji, anapeleka Al Mintirib na vijiji vya ukingoni mwa mchanga, akirudi hata kope zake zimeota vumbi. Asya mzima, tena mzima sana, na khabari yake ndiyo khabari ya barua hii.

Barua umeipokea mkononi mwa Shangazi Raya, Seif amempelekea Maskati kabla hajasafiri. Najua kabla hujaishika umeshachungulia nyuma ya buibui lake kama kuna mtoto. Hayupo, Mama. Yuko hapa ubavuni mwangu, anachezea kifuniko cha kalamu. Nilikubali kukuletea, nguo zake nikazikunja mwenyewe, nikampeleka mpaka Maskati kwa Shangazi, kisha nikarudi naye nyumbani. Basi kaa kitako nikueleze. Na wewe Zuhura, mdogo wangu unayemsomea Mama, soma polepole, na usiruke pahala kwa sababu umepaona pachungu.

Mnaikumbuka ile kanda tuliyorekodi siku ya Idi, Asya akasema ndani yake, "Bibi, nyumba wako mkubwa? Mimi nataka kuja." Zuhura aliniandikia kuwa mlicheka, halafu wewe Mama ukalia. Kisha ikaja barua yako ya kumtaka. Ulisema akae kwako akue na ulimi wa kwao, na mimi nipate kupumua na huyu mdogo. Siku barua ilipofika nilikuwa jikoni, Nassor begani, wali umeshika moto chini, nikaona Mungu amenisikia. Jioni nikamsomea Seif kwa sauti, yote, mpaka pale uliposema mtoto anazungumza kama mtu aliyeshuka melini jana, na kwamba ni aibu kwetu. Asya alikuwa pale pale kwenye mkeka anamvisha mwanasesere nguo. Hakunyanyua kichwa.

Tangu siku ile akapunguza maneno. Nikimwuliza kitu kwa Kiswahili ananijibu kwa kichwa, au anakwenda kukileta bila ya kusema. Akitoka nje kwa watoto wa jirani, Kiarabu kinamtiririka kama maji ya mfereji wa falaji. Nikajiambia ni huzuni ya safari, itapita.

Alkhamisi Seif akapata ruhusa, tukaondoka na pikapu ya kuazima. Njia ile inapita milimani, kona juu ya kona, na Nassor kila kona analia upya. Ili nimchangamshe Asya nikaanza kumsimulia nyumbani. Nikamwambia Bibi yako Alkhamisi kama ya leo anachoma kidari. Nikamweleza vile unavyokichagua kwa mchinjaji, kidari kizima cha ng'ombe na mafuta yake juu kama blangeti, unavyokichoma kwa uma kila pahala, ukakilaza ndani ya kitunguu thomu na ukwaju, asubuhi mpaka alasiri, halafu kwenye seredani ya makaa, moto mdogo, na atakayeupepea kwa nguvu ananyang'anywa kipepeo. Nikamwambia Babu ndiye anayekata, na kipande cha kwanza, kile cha ukingoni kilichokauka, anampa mtoto mdogo kuliko wote. Asya akanitazama. Akajinyooshea kidole kifuani, kuuliza kama ni yeye. Nikamwambia ndiyo, utakuwa wewe.

Hapo ndipo yakanijia. Mtoto huyu hajapata kula kidari. Hapa Ibra mchinjaji wetu ni mtu mwema lakini ana shoka moja na fikra moja, anakata mbuzi au ng'ombe kama anayepasua kuni, mfupa na nyama pamoja, kila mtu anapewa fungu lake na jina la kipande halimhusu. Nikamwambia Seif, "Leo tumtafutie kidari cha kuchoma huko Maskati, ale kabla hajaondoka, asifike kwa Mama akakiona kigeni."

Seif, nawe unamjua, mtu wa Tabora, kwake nyama yote ina jina moja. Akasema nyama ni nyama, mama Asya. Nikamwambia hapana, kidari ni kidari. Akasema haya.

Mama, Maskati imekua, huwezi kuamini. Ruwi kuna mikahawa ya kila taifa, imepangana kama maduka ya vitambaa, na kila mmoja unatoa moshi na harufu mpaka unachanganyikiwa uingie wapi. Tukaingia mmoja wa Kishami, una taa za rangi na vijumba vya pazia kwa ajili ya familia. Seif Kiarabu chake ni cha barabarani na matangi, nyama anajua lahm, basi, vipande vyake havijui. Mtumishi alikuwa Mhindi, Seif akaona amtolee Kiingereza, akamwambia anataka kifua, akajipiga na chake ili wasikosane. Mhindi akaitika kwa adabu kubwa. Tukangoja, Nassor akala nusu ya pazia. Ikaja sinia imefunikwa, Seif akaifunua kwa madaha, ndani vidari vya kuku, vyeupe, vimelala juu ya majani kama wagonjwa.

Nilicheka mpaka machozi, na nilikuwa na machozi mengine yanangoja mlango. Seif akasema, "Si kifua hiki? Au kuku hana kifua?" Tukala, tutafanyaje. Asya alikula kipande kimoja, akanitazama kama anayetaka kuuliza, hiki ndicho cha Bibi? Nikamwambia la, mwanangu, bado.

Kutoka hapo tukaenda Matrahi, karibu na soko, maana Seif alisema kule wapo wachomaji wa Kiomani wenyewe. Na kweli, wamekaa na majiko yao marefu, vijiti vimelala juu ya makaa, na Mama, unajua wanaviita nini? Mishkak. Neno letu lile lile, limekatwa mkia tu. Nilisimama pale nikasikia baridi moyoni kama mtu aliyekutana na jamaa yake njiani. Nikanunua, tamu, na ukwaju wanatia. Lakini vipande vidogo kama kunde, vinaisha kabla hujajua unakula nini. Seif akamwuliza yule mchomaji kama anachoma pande zima la nyama. Akasema yeye hachomi, wala hapo hapana anayechoma hivyo, lakini njia ya Sib, ukishapita kituo cha mafuta, kuna mtu ana pipa lililopasuliwa kati, anachoma nyama kubwa kubwa, nendeni kabla haijaisha.

Jua lilikuwa linashuka, mie mgongo unaniuma kwa kumbeba Nassor, na Shangazi Raya anatungoja nyumbani kwa mwanawe kumpokea mtoto. Seif akaniuliza kama tuache. Nikamwambia tumeshakuja.

Tukalipata pipa. Pahala pale hapana viti wala pazia, magari yanaegeshwa upande wa njia, unapiga honi na mtu anakuja dirishani. Seif akaegesha, akavuka kwenda dukani kumnunulia Nassor maziwa, akaniambia akija mwagizie, unajua mwenyewe unachokitaka. Hajafika ng'ambo, mchomaji huyo dirishani. Mtu mzima, ndevu zina majivu, kitambaa begani. Akanisalimu, nikaitikia vizuri, mpaka hapo nilikuwa sijambo. Nikamwambia, "Abgha kidari." Nataka kidari.

Akanikodolea macho. Akasema, "Ma indi qidrish, ya ukhti." Nikaelewa kila neno, na sikuelewa kitu. Sina chungu chako, dada.

Nikamwambia la, sio chungu, kidari. Akaapa kuwa yeye hakuachiwa chungu na mtu. Nikarudia polepole, ki-da-ri, maana nilidhani hasikii vizuri. Kumbe kila nikilinyoosha ndivyo linavyozidi kuwa chungu, kwani qidri kwao ni chungu changu. Akaingiwa na huruma, Mama. Aliona mwanamke amechoka, ana mtoto analia, amepoteza chungu chake. Akaenda nyuma ya pipa akatafuta kwenye magunia, akarudi na sufuria jeusi limevunjika mkono mmoja, sijui la nani, akaniinulia dirishani: hili? Gari la nyuma likapiga honi. Uso uliniwaka. Pamoja na miaka yote niliyokaa nchi hii, nilitamani nishuke nikimbie.

Asya akapanda juu ya mapaja yangu, akamsukuma Nassor pembeni, akatoa kichwa nje ya dirisha. Akajipiga kifuani. "Sadr," akamwambia. "Sadr baqar, ya ammi." Kidari cha ng'ombe, ami yangu, kikubwa, na shahamu yake. Akamchorea na ukubwa kwa mikono, na akafanya hivi na vidole, kuonyesha ukingo uliokauka. Yote niliyomsimulia njiani alikuwa ameyaweka. Yule bwana akacheka mpaka kitambaa kikaanguka, akarudi na sufuria lake, na alipokuja tena amebeba pande la kidari juu ya karatasi, mafuta yanachuruzika, akamwambia Asya hiki ndicho chungu cha mama yako.

Asya akaketi. Akanitazama vile anavyomtazama Nassor akianguka. Akasema, "Mama, mimi nikienda kwa Bibi, nani atasema wewe?"

Alikusudia nani atakusemea. Najua, Mama, ungemsahihisha hapo hapo. Mimi sikuweza. Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili tangu sijui lini.

Nikavunja kipande cha ukingoni, nikakipuliza, nikampa. Akakishika tu. Akasema, "Mimi nikijua kusema vizuri, mtakuja chukua mimi?"

Basi ndivyo alivyokuwa ameifahamu, Mama. Si kwamba anakwenda kwa Bibi kupendwa. Amehukumiwa. Ametolewa nyumbani kwa ajili ya ulimi wake, na atarudishwa siku ulimi utakaponyooka. Na alikuwa amekubali, peke yake, hakulia, hakumwambia mtu. Ameamua kunyamaza ili asitutie aibu zaidi. Mtoto ambaye hajang'oka jino la kwanza.

Nikamwambia, "Hutokwenda."

Akaniuliza, "Hata mimi sijui kusema?"

Nikamwambia, "Hata hujui. Utajua hapa hapa, kwangu."

Ndipo akala. Na alipoanza kula, Mama, hatukuwahi kumkatia vipande. Kidari chenyewe nikwambie kweli, si kama chako. Thomu aliionea choyo, moto ulikuwa na haraka, katikati kinavutana na meno. Lakini mafuta yake yalikuwa pahala pake, na ule ukingo ulikuwa unavunjika kama kaki. Seif aliporudi na maziwa akanikuta nimejipaka mafuta mpaka kwenye shela, mtoto mmoja analia, mmoja anacheka. Nikamwambia, Asya haendi kwa mtu, anarudi na sisi. Hakuuliza sababu. Alimtazama Asya, akachukua kipande, akatafuna kwa muda mrefu maana kilikuwa kile cha katikati, kisha akasema, "Nyinyi watu wa kisiwani. Mmekuja kutafuta nyama, mkaulizwa chungu, sasa mnarudi na mtoto." Nilimwona lakini anajifuta macho, akasingizia moshi, na moshi ulikuwa unakwenda upande wa pili.

Shangazi Raya ndiye aliyenipa kazi. Alishatandika kitanda cha Asya chumbani kwake. Nilipomwambia akasema, "Nyie mmekula nyama, mie ndiye ntakayetafunwa. Mamako mnamjua au mnamsikia?" Nikamwambia namjua, ndiyo maana naandika. Akamwita Asya, akamnusa mikono, akasema inanuka Unguja. Asubuhi tulipoondoka alimfunga kijitambaa kichwani na akanisukuma mgongoni, haya nendeni, kabla sijajitia busara.

Sasa, Mama, hapa Zuhura soma vizuri. Mtoto simleti. Si safari hii wala safari nyingine, na usimtume mtu kuja kumchukua, maana nitamkaribisha, nitampikia, na atarudi mikono mitupu. Sikwambii hivi kwa ukaidi. Ulichokitaka ni kheri, na mimi kuchoka nimechoka kweli, wala sifichi. Lakini uchovu huu ni wangu, siwezi kuupunguza kwa kumkata mtoto. Na lile neno la aibu, nakuomba kwa mapenzi yote niliyonayo kwako, lisiandikwe tena katika barua inayokuja nyumba hii. Hapa barua zako zinasomwa kwa sauti, na masikio ni mengi kuliko unavyodhani.

Wala usifikiri nimembakisha awe mdomo wangu sokoni. Hilo nalo nimelikataa. Jirani yangu Bi Moza ananifundisha kila tukikaa kuchambua mchele. Nimeanza na ng'ombe, kwa sababu ndiye aliyenidhalilisha. Kidari nishakijua, mgongo, paja, maini, sasa tuko kwenye mkia, na Bi Moza anasema nikimaliza ng'ombe nitakuwa naweza kuolewa upya. Na Asya baada ya magharibi ni wangu na Kiswahili chake. Akisema nyumba mkubwa namwambia nyumba kubwa, na hatucheki. Seif tumemkataza kutia maneno, asije akatuharibia kwa Kitabora chake.

Nisalimie Baba, mwambie kile kipande cha ukingoni akiweke, mwenyewe yupo. Kaka Khalfan nampa pole ya duka, na mkewe nampa hongera ya uzazi, nitaleta nguo za mtoto nikipata mtu. Bi Mkubwa jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyenifundisha kushona, mwambie cherehani bado nafanyia kazi. Zuhura nakubusu, na nimekuona, siku hizi mwandiko wako mzuri kuliko wangu.

Jambo la mwisho, Mama. Hilo begi la kijani aliloshika Shangazi ni la Asya, lile nililomfungia nguo zake. Nimezitoa. Ndani nimetia halua, tende, kitambaa chako cha nguo na dawa nyingine ya goti. Ukishavitoa usilisukume uvunguni. Litie nguo zako. Seif ameshazungumza kazini kwake juu ya karatasi za kukuita, na wanaokuja kutoka huko sasa wapo, tunawaona. Ukwaju uje nao, wa hapa si mchungu wa kutosha. Pipa la kupasua tutapata.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na kukuheshimu, hata nikikukatalia,

Zuwena

Nilikuwa nimeshamaliza, Asya amening'ang'ania nimwandikie na yeye lake. Anasema: "Bibi, kuja wewe. Leta kidari yako mkubwa." Nimeliandika kama alivyolisema, sikuligusa. Hilo la kumsahihisha nimekuwekea wewe.